Kitenge Kisichotiwa Chumvi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa ndimu kwa jirani, nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa na sheria nyingi za kufua nguo. Bibi ndiye aliyezitunga, au alizirithi kwa mama yake aliyevuka kutoka Kongo. Sina hakika, maana alibadilisha maelezo kulingana na anayemuuliza. Nguo ya msafiri haifuliwi kabla hajafika aendako, utamfutia njia. Shuka la mgonjwa halikamuliwi, linaachwa lidondoke lenyewe. Nguo nyekundu haianikwi peke yake kwenye kamba, inaita damu nyumbani. Lazima iwe na ya kijani au nyeupe pembeni yake. Niliziamini zote, kwa sababu aliyezisema ndiye aliyekuwa anapakua chakula.

Leo ni mtu mzima, nauza mashuka, foronya na vitenge pale Gungu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mama, hiki hakichuji?" Wenzangu wengi hujibu kwamba hakichuji kabisa. Mimi husema kweli. Kinachuja, mama. Ukifika nyumbani kiloweke peke yake kwenye maji baridi, tia chumvi ya kutosha, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Nikifika kwenye maneno hayo ya mwisho ulimi wangu huwa mzito kidogo, na mteja hudhani nimechoka. Sijachoka. Huwa nimemkumbuka Mama Bukuru na beseni letu jeupe.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wanakimbilia kwetu kwa wingi. Wengine walikuja kwa maboti, wengine walishuka kwa miguu kupitia milima ya Kalinzi, na mjini kote hukukosa kumwona mtu amekaa kando ya njia na kifurushi chake. Mimi niliishi na Bibi, mzaa mama, kwa kuwa mama yangu alikuwa ameolewa tena Tabora. Mchana mmoja mvua ilinyesha kwa nguvu, na mwanamke akaja kujikinga barazani kwetu, mtoto mgongoni. Alikuwa amembeba kwa kitenge chekundu chenye ndege weupe. Kitenge kilikuwa kimelowa, na rangi ilikuwa imemwagika chini: mgongo wa blauzi yake ulikuwa mwekundu, na mapaja ya mtoto yalikuwa na michirizi hadi kwenye vidole vya miguu.

Bibi aliona mapaja kwanza. Akashika kifua.

"Mtoto anatoka damu!"

"Oya, hapana, Mama," mwanamke akasema. "Ni rangi tu. Nguo inachuja."

Bibi alimfuta mtoto kwa upindo wa kanga yake, akautazama upindo, akaunusa kabisa, akaridhika kwamba ni rangi. Kisha akamgombeza mwanamke kwa kumtia hofu, ndivyo alivyokuwa, akamvuta ndani na kwenda kumchotea uji. Alipokuwa anampa kikombe akamuuliza mtoto anaitwa nani.

"Bukuru."

Kigoma hakuna asiyejua jina hilo, awe Muha, Mrundi, au sisi ambao wazee wetu walitoka ng'ambo ya ziwa. Bukuru ni pacha aliyetangulia kuzaliwa. Anayemfuata huitwa Butoyi, na hakuna Bukuru asiyekuwa na Butoyi wake. Bibi aligeuka akatazama nje, kwenye mvua, kama vile alikuwa amemsahau mtu mlangoni.

"Na Butoyi?"

"Anakuja," alisema Mama Bukuru.

Habari yenyewe tuliipata kidogo kidogo, maana hakupenda kusimulia. Watoto walipozaliwa alinunua kitenge kirefu akakikata katikati, kila mtoto akapata mbeleko yake. Walipokimbia, yeye alimbeba Bukuru, wifi yake akambeba Butoyi. Karibu na mpaka bunduki zililia, watu wakatawanyika milimani. "Nilimwona wifi mgongo," alituambia, "nikaiona ile nguo inapita katikati ya watu. Halafu sikuiona tena." Aliposema hivyo alikuwa anamenya muhogo, na aliendelea kumenya.

Alikaribishwa kwa usiku mmoja. Bibi alilisisitiza neno hilo, na alilirudia kesho yake na kesho kutwa, mpaka tukawa tunamtania. Mama Bukuru naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Wiki ileile Bibi alikwenda msibani Mwanga, hapohapo mjini, na mgeni wetu akaona njia nzuri ya kushukuru ni kufua kila kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba: mashuka, pazia la mlangoni, vitambaa vya makochi, na zile foronya nyeupe ambazo Bibi alikuwa amezidarizi maua kwa ajili ya sanduku la harusi la mama yangu mdogo. Alivitia vyote kwenye karai kubwa pamoja na kitenge chake. Nilimwona, nikamwuliza mbona anachanganya. Akanijibu kwamba mgeni akifua nguo yake mbali na za wenyeji, amewaambia kwamba anawaonea kinyaa. Hakutaka kutuonea kinyaa.

Bibi aliporudi alikuta nyumba nzima inaning'inia kwenye kamba, kila kitu kina rangi ya waridi. Alikaa kwenye kizingiti, akavua kandambili.

"Nani kachinja kwangu?"

Siku zilizofuata tulihangaika. Tulizisugua foronya kwa ndimu na chumvi, tukazianika kwenye jua kali, tukazilaza juu ya majani zipate umande, tukazisuuza kwa buluu ya kufulia. Mashuka yalirudia weupe kiasi cha kutosha kwa watu wasio na makuu. Foronya zilikataa. Mama mdogo aliolewa nazo hivyohivyo, na wifi zake wakamsifu kwa mtindo mpya, wakataka kujua kaupata wapi. Sifa hizo zilimwokoa Mama Bukuru kuliko magoti yote aliyompigia Bibi.

Hata hivyo Bibi alitaka mambo yaishe. Akaleta bakuli la chumvi ya Uvinza, ile ya mawe mawe, na beseni letu jeupe la kupakulia wali wa wageni.

"Lete hicho kitenge," akasema. "Tukiloweke na chumvi kishike rangi yake, tukae kwa amani."

Mama Bukuru alikikumbatia.

"Chumvi hapana, Mama."

"Hapana kwa nini? Unataka tulale kwenye damu mwaka mzima?"

Hapo ndipo alipotueleza, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi, akisimama kutafuta maneno. "Hawa ni amahasa. Pacha. Cha mmoja ni cha mwenzake. Nguo hii na ile ni moja, nimeikata tu mimi. Hii ikitoa rangi, na ile inatoa, huko Butoyi alipo. Mtoto anabebwa, anatoka jasho, mbeleko inachuja. Ukiifunga hii kwa chumvi umeifunga na ile. Sitajua tena."

"Hutajua nini?"

"Kama bado kuna mtu anambeba."

Nilimtazama Bibi nikitegemea acheke, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kucheka mambo ya watu wengine. Hakucheka. Mtu anayeamini kwamba kufua shati la msafiri kunamfutia njia, angemcheka vipi huyu? Aliiweka chumvi chini. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa bila kuacha neno.

"Nguo yoyote rangi yake ina mwisho, mwanangu," alisema. "Usipoifunga, itaisha yenyewe. Siku hiyo utalia."

"Nitalia siku hiyo," Mama Bukuru akajibu.

Basi ikatungwa sheria mpya. Kitenge cha Mama Bukuru kina beseni lake, lile jeupe, ambalo halikupakuliwa wali tena. Kina kamba yake, na pembeni yake lazima ianikwe kanga ya kijani ya Bibi. Hakilali kwenye shuka la mtu. Na Jumapili, Mama Bukuru akienda kanisani, kinabaki nyumbani, maana alikuwa amepewa blauzi nyeupe moja na Bibi hakutaka aende kusali na mgongo mwekundu. Bukuru alibebwa kwa kanga yetu. Kuhusu usiku mmoja, hakuna aliyeutaja tena.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kukifua. Alikiloweka kwenye beseni asubuhi, akakisugua polepole, kisha akaniita tuyabebe yale maji mpaka ziwani. Wanawake wengine walimwaga maji ya kufulia uani. Yeye alisema ziwa hili ndilo linalofika Rumonge, kwao Burundi, na rangi ikienda kwa maji itajua njia. Tulipita katikati ya dagaa walioanikwa mchangani, mimi nimeshika ukingo mmoja wa beseni na yeye mwingine, Bukuru akitembea kwa kuyumba nyuma yetu. Ufukweni tulilitua beseni, naye akachutama akayatazama maji. Weupe wa beseni ulifanya rangi ionekane vizuri. Alitazama kwa muda, halafu akasema, "Ego," yaani ndiyo, kama anayeitikia mtu, akayamwaga. Wekundu ulitanda kidogo kwenye maji ya ziwa kisha ukapotea. Nilikuwa napenda sana Jumamosi hizo, na sioni aibu kusema hivyo ingawa sasa najua zilikuwa zinabeba nini.

Wakati huo mjomba wangu alikuwa utingo kwenye malori yaliyopeleka watu kwenye makambi ya Kasulu. Kila safari Bibi alimwagiza aulizie: mtoto wa kike, anajifunza kutembea, mbeleko nyekundu yenye ndege. Mjomba alirudi na majina ya watoto wengi waliopotezana na wazazi wao, na Butoyi kadhaa pia, kwa sababu Butoyi ni wengi kama Bukuru. Wote walikuwa na mama zao, au walikuwa wakubwa mno, au wavulana. Mama Bukuru alikuwa akimsikiliza akiwa amesimama, kisha akimshukuru na kumpa maji ya kunywa.

Na maji ya kwenye beseni yalikuwa yanapungua wekundu. Mwanzoni yalikuwa kama juisi ya rosela. Baadaye ukawa unaweza kuona chini ya beseni. Baadaye tena ilibidi uinamie ndipo uone kwamba kuna rangi. Wale ndege weupe, ambao siku za mwanzo walikuwa wamegeuka waridi kwa kuchujiwa, walianza kurudi weupe. Mtu mwingine angesema kitenge sasa kinapendeza. Mama Bukuru alikisugua kwa nguvu zaidi kila wiki, mpaka vidole vikachubuka, na ile "ego" yake ikawa inachelewa kutoka.

Jumamosi moja alichutama pale ufukweni muda mrefu sana. Mimi sikuona rangi yoyote. Mwishowe akasema, "Bado kidogo." Tulipofika nyumbani alimwambia Bibi, bila kukaa:

"Mama, Jumamosi ijayo maji yakitoka meupe, nitarudi."

"Kurudi wapi?"

"Kule milimani. Nikamtafute. Hata nikikuta nguo tu."

Kila mtu alijua kule kulikuwaje siku zile. Waliokuwa wanafika kutoka huko walikuwa wanafika bila watu walioanza nao safari.

"Na Bukuru?" Bibi aliuliza.

"Nitambeba. Nitamwacha na nani? Ni pacha. Akibaki peke yake naye atakwenda."

Mama Bukuru akaanza kukusanya vitu vyake kwenye mfuko: sufuria ndogo, gauni la mtoto, unga kidogo. Aliuweka ule mfuko nyuma ya mlango, mahali pa mtu anayeondoka. Niliogopa. Nilikuwa nimezoea kulala na kuamka nikimsikia Bukuru anapiga kelele uani, na nilielewa kabisa kwamba wakienda hawatarudi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama Bukuru alikwenda kanisani, Bukuru kwenye kanga yetu. Hawajafika hata mwisho wa mtaa, Bibi alikuwa ameshainjika sufuria kubwa. Kutoka chini ya kitanda chake akatoa kopo la rangi ya unga, ile ambayo wanawake wanatilia ukindu wa mikeka, rangi nyekundu. Maji yalipochemka akatia vijiko, akakoroga kwa mwiko wa zamani, akakitumbukiza kile kitenge.

Nilisimama pale. Hakunifukuza, na hakuniambia nisiseme, alijua nitanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza kwake namna ya kutunza rangi, kwa hiyo nikaenda nikaleta bakuli la chumvi.

"Ya nini hiyo?" aliniuliza.

"Ishike."

"Ikishika haitatoka," Bibi akasema. "Sisi tunataka itoke."

Akanirudisha na bakuli langu. Alikikamua kitenge, akakianika juani kando ya kanga ya kijani, akafukia majivu, akasugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. Kazi ilikuwa nzuri isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni vidole vyake, vilivyokuwa vyekundu hadi kwenye viganja. La pili ni wale ndege. Rangi ya mikeka haichagui. Iliingia kila mahali, na ndege waliokuwa wamerudi weupe sasa walikuwa wekundu karibu sawa na kitambaa chenyewe. Ungewaona tu ukijua walipo.

Mambo ya vidole Bibi aliyamaliza kabla ya adhuhuri. Alisaga majani ya mhina, akajipaka viganja na vidole vyote kama bibi harusi, akakaa barazani mikono imekunjuliwa. Majirani walipita wakimtania, Bibi, anakuoa nani? Naye akawajibu kwamba hao wachumba wapo wengi, yeye ndiye hajaamua. Mama Bukuru alimkuta hivyo aliporudi kutoka kanisani. Akaitazama mikono ya Bibi, akaenda uani, akakitoa kitenge kwenye kamba, akambeba Bukuru. Mimi nilikuwa namtazama usoni nikisubiri aseme kuhusu ndege, kwa sababu hata kipofu angeuliza wamekwenda wapi. Hakuuliza.

Wiki ile ilikwenda taratibu kuliko wiki zote. Mfuko ulikuwa bado nyuma ya mlango.

Jumamosi alikiloweka. Maji yalikuwa mekundu kabla hata hajakigusa, mekundu kuliko siku ya kwanza. Tukayabeba mpaka ziwani kama kawaida. Alichutama, akatazama. Alitazama sana yale maji, halafu akanitazama mimi, halafu akageuka akatazama kule nyumba yetu iliko, ingawa kutoka ufukweni haionekani. Nilijua sasa atasema.

"Ego," akasema, na akayamwaga.

Tuliporudi, Bibi alikuwa barazani anachambua mchele, kichwa chini.

"Imetoka?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Imetoka, Mama."

"Haya. Njoo ule."

Mama Bukuru aliingia ndani, akautoa mfuko nyuma ya mlango, akarudisha sufuria jikoni na unga kwenye debe. Kisha akaja akala, na alikula vizuri.

Tuliishi hivyo muda mrefu. Maji yakikaribia kuwa meupe, Jumapili moja Bibi angejipaka hina, na Jumamosi inayofuata maji yangekuwa mekundu. Foronya zetu na shuka langu viliendelea kupata madoa, na hakuna aliyegombezwa. Mjomba aliendelea kuulizia kila kambi. Halafu ikaja amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa kwenye nyumba za watu mjini wapelekwe makambini, na malori yakapita mitaani. Siku ya kuondoka, Bibi alimpa Mama Bukuru mashuka, mafuta ya mawese, na kifuko cha chumvi ya Uvinza alichokishona mwenyewe mdomo.

"Hii si ya mboga," alimwambia. "Siku utakayoona imetosha, wewe mwenyewe, tia. Mtu asikwambie, na mimi nisikwambie."

Mama Bukuru alimpigia Bibi magoti, akaushika ule mkono wenye hina kwenye paji la uso. Lori liliondoka kuelekea Kidahwe, na kile kitenge chekundu nilikiona mpaka vumbi lilipokifunika.

Bibi alifariki nikiwa nimeshaanza biashara. Kabla ya hapo, nikiwa msichana niliyejiona nimesoma, nilikuwa nimeshamhukumu. Nilisema alimdanganya mama mwenye uchungu, akamzuia kumlilia mtoto wake, akamwacha akitumaini maji ya sufuria. Sikumwambia, lakini nilikuwa nikifikiri hivyo, na sheria zake za kufua nikawa nazicheka mbele ya rafiki zangu. Nilidhani mimi ndiye pekee niliyeona alichofanya.

Miaka mingi baadaye, kambi zilipokuwa zinafungwa na watu wanarudishwa kwao, mwanamke mwenye mvi alinikuta kibandani kwangu Gungu. Nilimjua kabla hajasalimia. Nilimwamkia, akanishika mabega yote mawili. Pembeni yake alisimama msichana mrefu, Bukuru. Walikuwa wamekwenda Ujiji kwanza, wakaambiwa Bibi hayupo, wakaonyeshwa kaburi lake. Nikawakaribisha nyumbani, nikawapikia. Tulipokuwa tumekaa wawili jikoni, akatoa kwenye begi lake kile kitenge. Kilikuwa kimekonda, kimetoboka pembeni, na kilikuwa chekundu. Ndani yake alikuwa amekifunga kifuko cha chumvi, na mdomo wake bado umeshonwa na uzi wa Bibi.

"Hukuwahi kutia," nikasema.

"Sikuwahi kupata habari yake," alijibu. "Nilitafuta kila kambi. Sijapata wa kuniambia amekufa, sijapata wa kuniambia yupo."

Nikakitazama kitenge, nikamwuliza inakuwaje bado kinachuja baada ya miaka yote hiyo. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichowahi kukisikia kwake.

"Rangi ya mikeka ipo hata sokoni kambini," alisema.

Niliona aibu ya mtu aliyejidhani mwerevu peke yake. Hatimaye nikauliza alijua lini.

"Siku ileile. Ndege walikuwa wamekwisha kabisa. Na bibi yako na hina yake!" Akafuta macho. "Pale ziwani nilitaka kumwaga maji nirudi nimgombeze. Nikawaza: huyu mwanamke hajawahi kumwona Butoyi. Hajui hata sura yake. Lakini amechemsha maji ili Butoyi asifike mwisho. Tangu tukimbie nilikuwa namsubiri peke yangu. Siku ile tukawa wawili. Basi nikaweza kubaki."

Usiku huo sikulala mapema. Niliielewa upya nyumba nzima ya utoto wangu: yule mama akifua kitenge akijua, na yule bibi akichambua mchele kichwa chini akihofia kujulikana, na kila mmoja akimlinda mwenzake kwa uongo uleule. Sikuona tena kwamba kulikuwa na aliyedanganywa. Bibi alikuwa ameonya kwamba rangi itaisha na Mama Bukuru atalia, na onyo lake lilitimia, rangi iliisha kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kulivumilia. Nilimlilia Bibi usiku huo kuliko nilivyomlilia siku ya mazishi.

Asubuhi, kabla hawajaenda kupanda basi la kuwarudisha, Mama Bukuru aliniwekea kitenge mikononi, na kifuko cha chumvi juu yake. Nikakataa. Nikamwambia aende nacho, ni chake.

"Huko ninakokwenda nitakuwa nipo mwenyewe, macho yangu yanatosha," alisema. "Lakini alikimbia kuja huku. Akiuliza njia, ataulizia huku. Mimi nitasubiri upande ule. Wewe subiri upande huu."

Siamini kwamba kitambaa kinajua habari za kitambaa. Nauza vitambaa, najua vinavyotengenezwa, najua rangi ya ovyo na rangi nzuri, na najua kwamba mtoto aliyepotea milimani akiwa hajajua hata kutembea vizuri, miaka hii yote, huenda hayupo. Nayajua yote hayo, na kwenye rafu yangu ya juu, nyuma ya mashuka, lipo kopo la rangi ya mikeka.

Juzi binti yangu alinikuta uani nimeinamia beseni. Ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, na ana mdomo. Akataka kujua mbona wateja nawaambia watie chumvi, na mimi mwenyewe sitii, na fulana zake za shule zimekuwa za waridi.

"Hiki si cha kutia chumvi," nikamwambia.

"Kwani ni cha nani?"

"Cha Butoyi."

Akaangalia huku na huku uani kwetu, akaangalia mlangoni.

"Yuko wapi?"

Maji yalikuwa mekundu, yametulia. Nikashika ukingo mmoja wa beseni, nikamwonyesha ashike mwingine.

"Anakuja," nikasema.